Kavugho Ahamia Mstari wa Nyuma

Kavugho anashona nguo za vitenge karibu na Nakivubo, na tangu alipokimbia kutoka Butembo ndiye anayeianzishia nyimbo kwaya ya Wakongomani katika kanisa moja la Nsambya. Kinanda hawana. Sauti anayoitoa yeye ndiyo wote wanayoifuata, na yeye hupenda kuanzia juu kabisa, pale ambapo zamani hakuna aliyemfikia. Siku hizi hata yeye mwenyewe hafiki. Wenzake hukaza shingo, hupanda naye, hukwama naye, na baada ya misa humwambia ameimba vizuri. Nani athubutu kumwambia ukweli Mama Kavugho?

Majilio yalipoanza, padri alimtaka kila mmoja achague tendo la unyenyekevu la kufanya hadi Noeli. Kavugho akachagua kupiga deki kanisa. Ila alipiga deki Jumamosi mchana, saa ya mazoezi, wanakwaya wote wakiiruka ndoo yake, na alihakikisha anaugulia mgongo kwa sauti. Unyenyekevu gani huo wa kutangazwa!

Jumamosi moja alikuwa amepiga magoti nyuma ya altare, akisugua. Wanakwaya hawakumwona, wakadhani ameondoka. Annick, msichana aliyefika juzijuzi kutoka Goma, akaanzisha wimbo wa Majilio. Aliuanzia chini, mahali pa kawaida, na kwaya nzima ikaingia bila taabu.

Kavugho alibaki na tambara mkononi. Hakuwahi kuusikia wimbo ule ukiwa mzuri namna ile, na wivu ukamwingia. Angejitokeza tu, kwaya ingenyamaza, na Annick angerudi zake mstari wa nyuma. Hakujitokeza. Alimaliza kusugua, safari hii kimya.

Kesho yake, kabla ya misa, Annick alimpisha mbele kama kawaida. Kavugho akamshika bega.

"Anza weye," alisema. "Miye nitakufwata."

Akaenda kusimama nyuma, karibu na mlango. Waumini waliimba siku hiyo kuliko siku zote. Baada ya misa walimzunguka Annick kumpongeza, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza Kavugho kwa nini amehama. Hilo lilimuuma kuliko maumivu yote ya mgongo aliyowahi kuyaugulia, na safari hii hakuugulia kwa sauti.

Jumapili iliyofuata alisimama palepale nyuma.