Mashimo Yasiyoota Shambani kwa Bibi

Nakumbuka asubuhi niliyofika kwenye shamba langu nikakuta mtu ameshalipanda. Kaa, mdogo wangu, nikusimulie, maana nawe unamaliza chuo mwaka huu na naona unavyokosa usingizi.

Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Maposeni na shahada yangu, bila kazi. Bibi akanipa nusu eka na mbegu za mahindi. “Usipopanda kabla ya Noeli, nampa jirani,” alisema. Mimi nikanunua daftari. Nikachora mistari ya kupandia, nikafuta, nikachora tena. Mvua ya kwanza iliponyesha nilihofia itakatika. Ya pili, nikahofia imezidi. Kijiji kizima kilinichangia ada. Ningekosea vipi mbele yao? Muda wote huo sikukanyaga shambani.

Siku niliyojiona niko tayari, nilibeba daftari na kamba nikaenda. Mahindi yalikuwa yamefika kifundo cha mguu. Nikajua jirani ameshapewa. Kisha nikamwona Bibi, amepiga magoti katikati ya mistari, kopo la mbegu mkononi.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mume wangu. Umekuja na mke mwenzangu?” Alikuwa anaangalia daftari.

Nikamuuliza nani kapanda.

“Mimi. Siku nne nilipita dirishani kwako na jembe begani. Hukuinua kichwa.”

Mgongo ule wa Bibi, mdogo wangu. Nusu eka, peke yake. Nilitaka kuomba msamaha, lakini macho yalikuwa yamenasa pale chini ya mikono yake. Mashimo mengi yalikuwa matupu, hayakuota kitu, naye alikuwa akirudishia mbegu, shimo moja baada ya jingine.

“Kumbe hata kwako zinakataa?”

“Kila mwaka. Tangu niolewe sijapanda shamba likaota lote. Ulidhani nafanyaje?”

Nilidhani hakosei. Nimekula ugali wake tangu utoto bila kujua kwamba sehemu kubwa ya kazi ile ni kurudia. Akanipa kopo. Nikapiga magoti, nikarudishia hadi jua likawa kali.

Basi ninachokuomba ni hiki. Panda hata kama unaogopa. Pasipoota, usikae ukijiuliza wewe ni mtu wa aina gani. Rudi na kopo lako wiki ileile. Na uwe unainua kichwa, uone nani anapita dirishani na jembe begani kwa ajili yako.

Mungu akujalie mvua ya kutosha, na magoti ya kukufikisha mwisho wa mstari.