Kitambulisho cha Mzazi

Jumanne nilipanga foleni kwenye ofisi ya vitambulisho, Malindi. Msichana aliyekuwa mbele yangu aliniambia ametoka makao ya watoto mwezi uliopita. Hoteli moja ya Watamu imempa kazi ya kufua, mradi afike Jumatatu na kitambulisho.

"Shikamoo," akamsalimu karani zamu yake ilipofika.

"Marahaba. Kitambulisho cha mzazi kiko wapi?"

Akatoa barua yenye mhuri wa ofisi ya watoto. "Sina mzazi, mzee. Nimelelewa na serikali."

Karani akairudisha kwa ncha ya kalamu. "Basi iambie serikali ilete kitambulisho chake."

Foleni ikacheka. Nami nilicheka.

"Hapa imeandikwa uliokotwa Vitengeni," karani akasema, sasa kwa upole. "Nenda kwa mzee wa kijiji huko, aandike kwamba anakujua."

"Nilitolewa huko nikiwa na miezi saba."

"Ndio utaratibu, mwanangu."

Basi serikali iliyomlea haimjui, na mzee asiyemjua ndiye atakayemtambulisha.

Msichana akaikunja barua, akauliza gari za Vitengeni hupandiwa wapi. Tulimwelekeza stendi, karibu sote kwa pamoja. Hakuna aliyeweza kumwambia akishuka aende kwa nani.