Siagi Juu ya Kompyuta

Niliacha shule darasa la sita, mwaka tulipomzika mama, baba akiwa ameshatangulia. Mdogo wangu wa kike alipopata nafasi chuoni kusomea michoro ya majengo, sikusita. Niliuza maksai wetu wa kulimia, nikaenda Mbulu mjini kumnunulia kompyuta mpakato.

Jioni hiyo bibi mzaa mama alikuwa amekuja kwetu Bashay kutoka Getanuwas. Tulichana stika, tukaitoa mashine kwenye boksi. Bibi akachovya kidole kwenye kibuyu cha siagi, akaipaka mfuniko, kama anavyompaka ng'ombe mgeni kwenye paji la uso.

"Ukae, uzae," akaiambia. Tulicheka mpaka machozi.

Asubuhi mdogo wangu alipiga simu chuoni kuulizia programu ya kuchorea. Alipokata simu alikuwa mnyonge.

"Dada, hii haitaiweza. Wanataka yenye nguvu zaidi."

Sikuogopa. Kwetu ng'ombe akigoma kukamuliwa, unamrudisha kwa aliyekuuzia, anakupa mwingine. Nikalibeba boksi kurudi dukani.

"Shikamoo," nilimwamkia mama mwenye duka.

"Marahaba. Umeifungua?"

"Tuliiangalia tu."

Akaitoa mashine, akapitisha kidole kwenye mfuniko, akanusa. "Na hii?"

"Siagi, mama."

"Siagi!" Akamgeukia fundi wake. "Njoo uone, leo tumeletewa chapati!"

Kisha akaigeuza risiti yangu. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo ambayo sikuwahi kuyaona. Niliyasoma polepole, kidole chini ya kila neno: bidhaa iliyofunguliwa ikirudishwa, inakatwa asilimia ishirini. Akanionyesha kwenye kikokotoo. Mguu mzima wa maksai wangu, kwa sababu ya kuchana stika!

"Mama, wewe unanunua ng'ombe bila kumfungua mdomo?"

"Binti, hapa si mnadani."

Chuo kilikuwa kinafunguliwa baada ya siku tatu. Nikakubali kukatwa. Kesho yake nilirudi na fedha za mbuzi wawili kujazia bei ya ile yenye nguvu zaidi. Kabla sijalipa, nilimpigia mdogo wangu, akaongea na fundi mpaka mwenyewe akaridhika.

Nikiwa bado nasubiri risiti, nikamwona fundi akiifuta siagi ya bibi kwa kitambaa. Akaifunga ile mashine yangu ya kwanza kwenye boksi lake, akabandika stika mpya, akairudisha rafuni. Bei ileile.

"Mbona hujapunguza?" nikauliza.

"Hii ni mpya, dada," alisema, wala hakunitazama.

Nikalichukua boksi jipya, nikarudi Bashay.

Nyumbani bibi alikuwa anangoja na kibuyu chake. Nikasimama mlangoni, nimelikumbatia boksi.

"Bibi, hii hapana."

Alinitazama kama nimemtukana. Nami sikusogea. Mwishowe akamvuta mdogo wangu, akampaka yeye siagi kwenye paji la uso. Mimi nikalisukuma boksi ndani ya begi lake la safari, stika ikiwa haijaguswa.