Baba Hatemi Mvinyo wa Watu

Daktari alimwuliza baba yangu kama anakunywa pombe. Baba yangu, mzee wa kanisa, mtu wa miaka sabini na ushee, akamtazama machoni na kujibu, "Sinywi, mwanangu." Mimi wakati huo nilikuwa kwenye dirisha la bima nabishana juu ya kadi, kwa hiyo sikusikia. Ningekuwepo, habari hii ingekuwa fupi sana.

Na wala hakudanganya. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mzee Batholomeo Matonya akisema hanywi, anaamini kwa moyo wake wote kwamba hanywi. Yeye anaonja. Hapa kwetu Buigiri tuko wachache tunaokamua zabibu zetu wenyewe na kuzivundika kwenye mapipa ya plastiki, nami ni mmoja wao. Mvinyo ukikaribia kutiwa kwenye chupa, mwenye pipa humwita Baba. Huja na glasi yake ndogo aliyoifunga kwenye leso, maana haonji kwa glasi ya mtu. Huunusa, huuzungusha mdomoni, humeza, hufumba macho, kisha hutoa neno. "Bado." Au, "Umekubali." Au, "Wape nguruwe." Likishatoka hakuna rufaa, na wanunuzi wa mjini kabla ya kuuliza bei huuliza kwanza Mzee Batholomeo kasemaje.

Kumeza ni lazima. Ukitema mvinyo wa mtu kwenye ua wake umemwambia mbele ya watu kwamba umeharibika, na wapo watakaosema umemtakia mabaya. Aliwahi kuja bwana mmoja kutoka mjini, akaonja na kutema kama alivyofundishwa huko alikosoma. Mwenye pipa anamtaja mpaka leo kama mtu aliyemtukania mama yake. Basi siku ya mapipa mengi Baba hurudi nyumbani anaimba tenzi, na kofia imekaa upande. Hajanywa. Alikuwa kazini.

Haya yote yalisimama Mama alipofariki. Mama yangu, Miriam, alikufa baada ya Krismasi, na Baba akazika, akapokea rambirambi, akawasindikiza wageni mpaka wa mwisho, kisha akaingia ndani akalala akiutazama ukuta. Tukasema ni msiba, utapita. Haukupita. Alikuwa hali, halali, haogi mpaka nigombe. Majirani wakaja na yao: huyu anasema amerogwa, yule anasema aombewe, mwingine akaleta mizizi kwenye gazeti. Wakati wa kupogoa mizabibu ulipofika, nikampelekea mkasi wake kitandani. Aliugeuza mkononi kama mtu aliyepewa kitu kigeni, akaniambia, "Mama, pogoa wewe. Mimi nimechoka kuwa mtu." Ananiita mama tangu nilipozaliwa, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo, halafu nikaenda kutafuta bajaji.

Ndipo tukafika mjini kwa Daktari Sikudhani, mama wa Kirangi kutoka Kondoa, mpole wa sauti lakini hana mzaha. Akasema Baba ana sonona, ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, akamwandikia amitriptilini. Niliporudi kutoka dirishani nikakuta wamemaliza, wanaagana. Nikamwuliza Baba kaambiwa nini.

"Nimeze kimoja jioni kabla ya kulala. Nisiache mwenyewe hata nikijiona nimepona. Niinuke polepole nisije nikaanguka. Na haiponyi leo wala kesho, nivumilie."

"Basi?"

"Basi."

Kulikuwa na jambo lingine, lile la pombe, lakini yeye alilipunguza njiani kwa sababu aliona halimhusu.

Dawa ilichukua muda wake. Mwanzoni ilimpa usingizi tu, na kinywa kikavu, na choo kigumu, nikawa namlisha mlenda na papai na kumfuata na kikombe cha maji uani kama anayefukuza kuku. Vidonge nilivifungia kwenye sanduku langu la kanga, nikawa nampa mkononi kila jioni. Nilikuwa na sababu. Wajukuu wanaweka kila kitu mdomoni. Tena Mzee Lameck, jirani yetu na rafiki yake wa tangu utoto, alikuwa ameshaomba "kimoja tu, na mimi silali siku hizi", na Baba alikuwa ameshanyoosha mkono kumpa. Nikamwambia Mzee Lameck, kwa heshima zote, hii si karanga. Akanuna. Lakini asubuhi moja nikasikia kitu kinalia kwi, kwi, kwi shambani. Nikatoka, nikamkuta Baba kati ya mizabibu na mkasi wake, anapogoa kwa kuchelewa huku akinilaumu kwamba nimeacha matawi yamekuwa kichaka. Nilifurahi kulaumiwa, Mungu ananiona.

Mizabibu ikazaa, tukavuna, tukakamua, mapipa yakaanza kuchemka. Na hapo mzee wangu akaota mapembe.

Alianza kwa pipa la kwanza la mwaka. Aliitwa, akaenda na glasi yake, akaonja, akaigeuzageuza glasi tupu mkononi. Watu wakadhani anafikiri. Akasema, "Nitarudi," akaondoka. Njiani akaniambia hakusikia ladha yoyote, ni kama kalamba boksi. Nikamwambia ni dawa inakausha mdomo, tutamwuliza daktari tukienda. Akasema sawa. Baba akisema sawa haraka hivyo, jua amekwisha kuamua lake.

Kumbe kila jioni nilipompa kidonge alikuwa anakibana chini ya ulimi, anakunywa maji, ananiambia "Asante, mama, lala salama," kisha anakwenda kukitemea chumbani. Mtu asiyetema mvinyo wa watu alikuwa anatema dawa yake mwenyewe. Hakuvitupa. Dawa haitupwi, ina gharama. Alivifunga kwenye leso pamoja na glasi.

Baada ya siku kadhaa nikaona mambo yamegeuka. Anatoka jasho, mikono inatetemeka, tumbo linamchafuka, usiku namsikia anatembea chumbani. Nikamwuliza, "Baba, dawa unameza?" Akaniuliza kama namwona yeye mtoto. Nikajibu moyoni.

Siku ya Mzee Lameck ikafika. Lameck ndiye mwenye mapipa mengi kuliko sote na ana majivuno nayo. Aliwaalika watu, akapanga viti uani. Mimi nilikuwa nimebaki nyumbani nikisubiri wateja, kwa hiyo yaliyotokea nimehadithiwa na Baba mwenyewe. Baba alifika akiwa hoi. Akafungua leso, akaviona vile vidonge, akawaza kwamba anaumwa kwa sababu ya vile alivyoviruka, basi dawa yake ni kuvimeza vyote kwa mara moja mambo yawe sawa. Akavitia mdomoni fungu zima, akavisukuma na mvinyo wa pipa la kwanza. Mzee Lameck akamwuliza ni nini hicho. Akasema, "Ni vya mzio." Akaonja pipa la pili, na la tatu, na mengine, ameketi kwenye kigoda, anameza kila kitu kama mwungwana. Kisha akasimama ghafla ili atoe neno. Badala ya neno akaanguka yeye, na ndoo mbili za mvinyo juu yake.

Nilipofika nilimkuta amelala mwekundu mwili mzima, nikadhani ni damu. Nilipiga kelele ambazo sikujua ninazo. Anapumua, lakini ukimwita anafungua jicho moja na kulifunga. Mzee Lameck alikuwa amemshika kichwa, anarudia, "Mvinyo wangu haukuwa na kitu, Angelina, mwanangu, mvinyo wangu haukuwa na kitu." Tukampakia kwenye gari la mtu mpaka mjini. Wakamtundikia dripu, wakambandika nyaya kifuani kupima moyo. Nikaambiwa moyo unapiga ovyo, na kwamba nisiende mbali. Sikwenda mbali. Nilikaa kwenye benchi nikiwa na harufu ya zabibu, nikawa namwomba Mungu amponye ili nimgombeze.

Akapona. Kichwa kilipokuwa kimetulia, Daktari Sikudhani akavuta kiti karibu na kitanda. Mimi nilikuwa upande wa pili, nimefumba mdomo kwa nguvu.

"Mzee, shikamoo. Nataka kukuuliza jambo, unijibu kweli. Ulitaka kufa?"

Baba alishtuka. "Nife? Wakati wa kuonja?" Kisha akawa anakunja ncha ya shuka. "Masika yale, nilitaka. Usiku nilikuwa nikimwomba Miriam aje anichukue. Sasa hapana, daktari. Sasa nilitaka ladha tu."

Sikuwa najua habari ya masika. Nilikuwa nimelala chumba cha pili miezi yote ile. Ile hotuba niliyoiandaa nikaiacha, nikamshika mguu juu ya blanketi.

Daktari akaitikia kwa kichwa. "Nashukuru umeniambia. Siku mawazo yale yakirudi, humwambii Miriam peke yake. Unamwambia Angelina, unakuja kwangu siku hiyohiyo. Sasa lingine. Uliniambia hunywi pombe."

"Sinywi. Naonja."

"Unapoonja, unatema?"

"Mimi?" Baba alijiinua kwenye mto. "Nitukane watu?"

Daktari alinitazama. Mimi nikatazama dari. Yule mama ni Mwislamu, hajawahi kuonja mvinyo maishani mwake, na sasa anaelezwa adabu zake na mgonjwa mwenye nyaya kifuani. Alisikiliza yote, habari za leso na glasi na bwana aliyetema. Alipomaliza kusikiliza akasema:

"Mzee, dawa hii ukiizidisha inashika moyo. Ukiisahau siku moja, umeisahau, unaendelea na ya siku inayofuata. Hulipi deni la vidonge. Ukiiacha ghafla mwili unaasi, umeona mwenyewe. Ikikusumbua, unakuja hapa mimi nipunguze kidogo kidogo. Na pombe inaiongezea nguvu ya kukulaza na kukuangusha. Ningependa usiguse kabisa."

"Na nikigusa?"

"Unatema. Yote. Unasukutua na maji."

"Haiwezekani," akasema Baba.

Hapo uvumilivu wangu ukaisha. Nilimwambia, "Sikio la kufa halisikii dawa! Ulipolala unatazama ukuta, nani alikuja kukuita uonje? Hao unaoogopa kuwatukana walikuletea mizizi kwenye gazeti! Basi ukimeza, unakufa, na ukiacha dawa unarudi ukutani. Chagua, Baba, nami nijue nishone nguo gani." Nesi akachungulia mlangoni. Njia nzima ya kurudi nyumbani Baba alitazama upande wake, nami nikatazama wangu.

Daktari alipunguza kipimo cha dawa, akasema moyo umekaa vizuri na tuendelee hivyo, arudi wapime tena. Kila jioni nikawa nampa kidonge na kumwambia afungue mdomo, ainue ulimi. Alikuwa anafungua kwa hasira. Nami nilikuwa natazama kwa hasira. Watu wakaja kumwita mara mbili tatu, akawaambia anaumwa, wakaondoka wakinong'ona kwamba mzee ulimi umekufa. Alikuwa anasikia. Nikaanza kumwona anachelewa kuamka, mkasi umelala dirishani, na hofu yangu yote ikarudi.

Halafu pipa langu likawa tayari. Sikumwita. Niliwaalika wachache, Mzee Lameck akiwemo, nikasema tutaonja wenyewe, kila mtu na mdomo wake. Watu walikuwa wameshakaa Baba alipotoka ndani na koti la kanisani, leso mkononi. Akasimama polepole kwenye kizingiti, kama alivyofundishwa, akasubiri kichwa kitulie, akaja.

"Mbukwenyi," akasalimia kwa lugha ya kwetu. Wakaitikia. Akasukutua kinywa kwa maji, akafungua leso. Palikuwa na glasi tu. Akachota kwenye pipa langu, akanusa, akauzungusha mdomoni. Akafumba macho. Kisha akavuta ndoo yangu ya kufulia kwa mguu, akainama, akatema.

Mama mmoja alishika mdomo. Mzee Lameck alinitazama kwa huruma kama nimefiwa. Nami niliinamisha uso, kwa sababu machozi yalikuwa yanashuka na sikutaka wadhani ni ya aibu.

Baba akajifuta mdomo. "Mvinyo umekubali," akasema. "Ingawa sukari ameweka kama anapika uji. Nimeutema kwa sababu nameza vidonge vya huzuni. Tangu Miriam aondoke niliumwa huzuni mpaka nikataka kumfuata, na vidonge vile havikai na mvinyo. Ladha naipata nusu. Nusu hiyo ndiyo niliyo nayo. Nimeanza kwa kumtemea binti yangu, ili atakayenuna aninunie hapahapa nyumbani kwangu."

Akakunja leso akaketi. Nilitaka kumwuliza ni sukari gani hiyo anayoisema wakati nilipima mwenyewe, lakini nikaichukua ndoo nikaenda kuimwaga.

Siku iliyofuata, jua likiwa bado halijachoma, nikasikia hodi. Alikuwa Mzee Lameck, amekuja kumwita Baba kwa yale mapipa yaliyobaki bila neno. Mkononi alikuwa amebeba ndoo mpya, yenye mfuniko, na lebo ya dukani hajaibandua.