Nilivyotafsiri Darasa la Maji

Juma lililopita nilikuwa hospitalini mjini Kisii na mke wangu, tumempeleka mtoto wetu aliyekuwa akiharisha. Sasa hajambo. Muuguzi, mtu wa pwani, alikuwa akiwafundisha kina mama kuchemsha maji ya kunywa. Wengi hawakujua Kiswahili, nami, mwalimu wa shule, nikajitolea kuwatafsiria kwa Kikisii. Nilitafsiri kwa sauti ya darasani, hata nikaongeza yangu: "Asiyechemsha maji anamwua mtoto wake."

Mama mmoja aliyetoka Ikonge akaniuliza taratibu, "Mwalimu, kwako mnachemsha?"

"Kila siku," nikajibu.

Zamu yetu ilipofika, muuguzi akamwuliza mke wangu mtoto anakunywa maji gani. Mke wangu akainama, akamfunika mtoto vizuri.

"Ya chemchemi, sista. Niliwahi kuchemsha. Baba yake akasema yananuka moshi, akayamwaga."

Muuguzi hakunikemea. Alielekeza kidole kwenye mabenchi. "Watafsirie na hayo, mwalimu."

Niliyatafsiri yote, lakini kwa sauti ndogo, hata waliokaa nyuma wakaniomba nirudie.