Meneja Hakugeuka

Kaka yangu ni mlinzi wa ghala la saruji, na nikisema ana kichwa kigumu msidhani namsengenya, nimeshamwambia usoni. Mke alishamchoka, akaenda zake. Aliyebaki naye ni mbwa, tukamwita Meneja kwa sababu hakuna anayemshinda kulala kazini. Lakini siku wezi walipokata wavu wa ghala na kumzingira kaka kwa mapanga, Meneja huyohuyo ndiye aliyewatimua. Tangu hapo ukimgusa mbwa umemgusa kaka mwenyewe.

Basi lori la kupakia lilirudi nyuma likamgonga Meneja kiunoni. Miguu ya mbele ikabaki mizima, ya nyuma akawa anaiburuta kama matambara. Kibanda cha getini hakina hata mlango wa kufunga, kwa hiyo kaka akamleta kwangu. Jikoni kwangu, jamani. Mimi ndiye nikawa namgeuza ubavu huu na huu asipate vidonda, namminya kibofu mkojo utoke, nafua magunia anayolalia kila kukicha. Kaka akitoka kazini anakuja, anakunywa chai yangu, anainama na kumfinya Meneja kidole cha mguu wa nyuma. Mguu unajikunja.

"Umeona? Amesikia huyo."

Halafu anakwenda kulala, mimi nabaki na magunia.

Nilimwita daktari wa mifugo, mama mmoja mpole kuliko mimi. Naye alifinya, tena kwa koleo, na mguu ukajikunja vilevile. Kaka akatabasamu. Daktari akamwambia asiangalie mguu, aangalie uso. Meneja alikuwa amelaza kidevu sakafuni, anatazama inzi. Hakugeuka, hakulia, hata sikio hakutikisa.

Daktari akatueleza taratibu. Mishipa ya fahamu huchukua habari kutoka mguuni na kuifikisha kwenye ugwe mgongo, ile kamba laini inayopita ndani ya uti wa mgongo. Mfinyo ukifika hapo, ugwe wenyewe huamuru mguu ujikunje, haungoji ubongo. Ndiyo maana ukigusa sufuria ya moto mkono huruka kwanza, maumivu unayasikia baadaye. Kuumia ni kazi ya ubongo, na njia ya kupanda kwenye ubongo wa Meneja ilikuwa imebanwa pale lori lilipogonga. Mguu unajibu, mwenye mguu hana habari. Uvimbe ukipungua huenda habari ikapita. Isipopita hatasimama tena, na kumwacha aoze nyonga akijiburuta si huruma. Akasema atarudi Jumamosi; kama hali ni ileile, atamchoma sindano ya kumlaza moja kwa moja.

Nikadhani tumeelewana. Wapi! Kesho yake kaka akaja, akafinya, mguu ukajikunja, akaniambia dalili ya mvua ni mawingu. Nikamjibu mawingu yake yanapita tu, kinacholowa ni jiko langu. Nilimweleza kwa ugwe, nikamweleza kwa ubongo, nikamshikia na sufuria yenyewe. Kumpigia mbuzi gitaa. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba nilijua anachokiogopa: kule kibandani hana mwingine wa kuzungumza naye. Yaani mimi niliyemfulia na kumlisha ndiye nionekane katili, nidai mbwa auawe. Nilichoka mpaka basi.

Jumamosi kaka hakufinya. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamshika Meneja kichwa. Afadhali angenigombeza. Daktari alipobisha hodi, akainuka kwenda kumfungulia kama mtu anayebeba mfuko wa saruji begani.

Sikuweza kukaa nikitazama, nikashika kazi. Nikavuta gunia lililolowa kwa hasira, bila hata kumwinua mbwa, na goti langu likatua juu ya kidole kilekile cha mguu wa nyuma.

Meneja akageuza kichwa chote, akanguruma, akanitia meno mkononi.

Nilipiga kelele mpaka wakaja mbio. Nilimtukana mbwa, nikalitukana lori, nikasema kweli shukrani ya punda ni mateke, damu inachuruzika sakafuni. Kaka hata mkono wangu hakuutazama.

"Aligeuka?"

"Amening'ata!"

"Dada, nakuuliza. Aligeuka?"

Nikamtazama Meneja. Alikuwa anaulamba mguu wake wa nyuma, analalamika kwa sauti ndogo, kama mtu anayeumwa.

"Aligeuka," nikasema, na machozi yakanitoka, sijui ya mkono au ya nini.

Daktari akaiacha sindano mkobani. Akaniosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, akiuliza kama mbwa amechanjwa, nikamwambia amechanjwa, kadi yake ninayo mimi, nani mwingine. Akatuonya kwamba kusimama bado ni safari ndefu. Kaka alikuwa ameshainama, mkono unaelekea kwenye kile kidole.

"Ukimfinya tena," nikamwambia, "nitakung'ata mimi."

Akaurudisha mkono. Akaokota lile gunia lililolowa, akatoka nalo uani, na nikasikia maji yakimiminwa kwenye karai. Alikuwa analifua mwenyewe.