Mtihani wa Pili

Siku ya kwanza profesa wetu wa somo la uwezekano alitugawia karatasi nne, akazisoma zote kwa sauti kama hati ya mashtaka. Kazi za nyumbani kila Alhamisi, zikichelewa hazipokelewi. Alama za huruma hakuna. Mitihani mitatu, na ule wenye alama za chini kabisa utafutwa, wala hataki kujua sababu. Ulikuwa mwaka 2018, Houston, nami nilikuwa nimekulia nyumba ambayo mtihani haufutwi. Baba alifundisha hesabu sekondari Morogoro hadi alipostaafu, na kalamu yake nyekundu haikujua shemeji wala jirani.

Mtihani wa kwanza nilipata hamsini na nane. Baba aliponiuliza kwenye simu tunasahihishwaje huku, nilimweleza yote isipokuwa lile la kufuta. Niliona aibu. Angesema huo si mtihani, ni maigizo. Badala yake nikamwambia, "Baba, mtihani wa pili ndio utakaoamua."

"Basi soma," akasema. "Mengine tuachie sisi."

Nilikuwa nakaa Missouri City, pembeni mwa Houston, kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu, muuguzi. Wiki ya mtihani wa pili mambo yalikwenda ovyo na mimi sikuona. Kundi letu la familia kwenye simu, ambalo huwa halilali, lilinyamaza siku nne. Simu ya baba niliambiwa imeharibika. Mama mdogo hakwenda kazini, akasema yuko likizo, na kila nilipotoka chumbani nilimkuta ametoka kunawa uso. Alinipikia ndizi kwa nyama katikati ya wiki. Mtu anayesoma uwezekano angeziweka dalili hizo pamoja akapata jibu. Mimi nilikula ndizi nikarudi kwenye mazoezi.

Alhamisi alinipeleka mwenyewe mpaka chuoni, akaniombea ndani ya gari mikono ikiwa bado kwenye usukani. Mtihani ulinishinda. Swali la tatu hata sikuligusa. Mwanafunzi mwenzangu akanirudisha nyumbani nimenuna, nikakuta magari yamejaa mpaka mbele ya nyumba ya jirani. Nilidhani ni zamu yetu ya kusalisha jumuiya. Watanzania wa upande wa Katy walikuwepo, wa Gulfton pia, wanawake wamejifunga khanga juu ya sare za hospitali. Sebuleni viti vya kukunja vilikuwa vimepangwa, na kwenye meza ya televisheni palikuwa na picha ya baba, na mshumaa.

"Lini?" niliuliza.

"Jumapili, mwanangu," mama mdogo alisema. "Wamemzika jana."

Nilimtukana. Sijawahi kumtukana mtu mzima kabla ya siku ile wala baada yake. Walimsubiri shangazi atoke Mbeya kwa basi. Mimi ndege ingenifikisha Jumanne. Na watu wote wale sebuleni walijua, tena walikuwa wamepangiwa saa ya kuja, nikishatoka kwenye mtihani. Kwetu mtu mwenye mtihani hapewi msiba. Nilipokuwa mdogo, binti wa jirani alifiwa na mama yake akiwa kwenye mitihani ya kidato cha nne. Mtaa mzima ulimficha, nami nikaficha pamoja nao, nikajiona mwema.

Mama mdogo aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Baba yako ndiye ali-decide, si mimi. Nilimpigia akiwa wodini, akasema, 'Asiambiwe lolote mpaka amalize. Mtihani wa pili ndio utakaoamua.' Nami ni nurse, nilijua hali yake. Ningem-argue vipi mgonjwa?"

Yalikuwa maneno yangu mwenyewe. Nilikaa kwenye kimoja cha vile viti, na mama mmoja nisiyemfahamu akanishika kichwa akanilaza mapajani mwake.

Mtihani ule nilipata arobaini na sita. Wa tatu nikapata themanini na moja, nadhani kwa hasira. Muhula ulipoisha nilifungua alama zangu kwenye kompyuta, nikaona ile arobaini na sita imepigwa mstari. Haikuhesabiwa. Ningeweza kutoufanya kabisa. Sifuri ingefutwa vilevile, na profesa asingeuliza nilikuwa wapi. Ningekuwa Morogoro, nikimtupia baba udongo kwa mkono wangu.

Wiki hiyohiyo mama akapiga simu. Aliuliza nakula nini, kama baridi imeanza, kisha akafika alikokuwa anaelekea. "Ule mtihani wa baba yako, majibu yametoka?"

Ndivyo walivyouita nyumbani. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia ukweli wote, na kanuni ya kufuta ndani yake. Sitaki kujisingizia wema: nilitaka nao waumie.

"Yametoka, mama."

"Umepata ngapi?"

Nilisikia anavyoshusha pumzi akisubiri.

"Tisini na mbili."

"Tisini na mbili," akarudia polepole, kama anayeandika. Halafu akaanza kulia, na mimi sikuwa nimewahi kumsikia akilia tangu msiba. "Kumbe tulifanya vizuri," akasema. "Mwanangu, nilikuwa silali kwa kukuficha."

"Mlifanya vizuri, mama," nikamwambia. "Lala."